Mizani ya Chama Imekula Kilo 19: Nijiunge au Nikae Pembeni?

Mshauri, shikamoo.

Mimi na mume wangu tunalima ufuta ekari tatu huku Nachingwea, mkoani Lindi. Msimu huu tumepata magunia sita na ziada ya kilo 100. Hiyo ziada haikuonja ghala. Niliiuza Februari, ufuta ungali mchanga shambani, kwa mtu wa chomachoma, hawa walanguzi wanaonunua mlangoni bila kupitia chama, kwa shilingi 1,500 kilo, maana palizi ilikuwa imefika na mkononi sina kitu. Magunia sita tuliyapeleka kwenye chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, AMCOS ya hapa kijijini. Sisi si wanachama, ila chama kinapokea ufuta wa kila mtu.

Kabla ya kupeleka nilipima kwa jirani mwenye mizani ya duka: kilo 431 pamoja na magunia ya juti. Chamani, siku hiyo hiyo, wakaandika 412. Nilipouliza, karani akanijibu, "Huo ni unyaufu mama, ndivyo ilivyo." Mnada ulikwenda kwa 3,180. Tulikatwa 165 kwa kila kilo, na 20 kati ya hizo eti ni za kutokuwa wanachama. Zikaingia 1,242,180 baada ya siku 19, kwenye akaunti ya mume wangu. Chomachoma walikuwa wanatoa 2,500 taslimu, mlangoni kwangu.

Sasa chama kinatafuta wanachama wapya. Kiingilio ni 10,000 na hisa tano za 10,000 kila moja, jumla 60,000. Wanasema mwanachama analipwa vizuri zaidi, anapata pembejeo, anakopa. Mume wangu anasema ni hela ya kutupa: ufuta wetu wanaupokea tayari, tujiunge ili iweje? Mimi moyo unataka, lakini kilo 19 zinaniuma. Na tukijiunga, iwe kwa jina la nani?

Mama Ekari Tatu, Nachingwea

*

Marahaba, mama.

Mumeo ameuliza swali zuri kuliko tangazo la chama, tuanze na lake. Bei ya mnada haimjui mwanachama wala asiye mwanachama. Wanunuzi wanashindania mzigo uliopo ghala kuu, na mzigo huo umechanganya ufuta wa wote. Baada ya makato ulibaki na 3,015 kwa kilo. Ungeuza kilo zile 412 kwa chomachoma kwa 2,500 ungepata 1,030,000. Tofauti ni 212,180, na umeipata bila kutoa kiingilio cha mtu. Kilichokugharimu kwa kutojiunga ni zile shilingi 20, yaani 8,240 kwa msimu mzima. Kwa hesabu hiyo peke yake, 60,000 yako itarudi baada ya misimu saba na zaidi. Anayekushawishi ujiunge kwa ajili ya bei, mwambie bei umeshaipata.

Hisa inanunua kitu kingine: sauti juu ya yale yanayotokea kati ya mizani mbili, ya chama na ya ghala kuu. Tunadhani chanzo cha kilo zako kupungua kiko hapo, kama utakavyoona.

Tuzigawe. Gunia la juti tupu lina uzito wa karibu kilo moja, kwa hiyo magunia sita ni kilo 6. Hizo ni halali, hukuwa na ufuta wa kilo 431 bali 425. Zimebaki 13. Ufuta haunyauki kilo 13 kati ya asubuhi na mchana, hivyo neno la karani halisimami kwa siku ile. Ukigawanya 13 kwa magunia sita unapata kilo mbili na kitu kwa kila gunia. Dhana yetu, na ni dhana tu, ni kwamba karani anapunguza kilo mbili kila gunia kabla hajaandika, na iliyobaki ni tofauti ya mizani na mizani. Kwa bei yako, kilo 13 ni shilingi 39,195. Linganisha na zile 8,240 za kutokuwa mwanachama uone kidonda kiko wapi.

Ila tusimgeuze karani kuwa mwizi kabla ya kuielewa hofu yake. Chama kinapokea kwa mizani yake, kinakaa na ufuta mpaka lori lijae, kisha ghala kuu linapima upya na chama kinalipwa kwa kilo zilizofika. Ufuta ulioingia na unyevu wa asilimia 8 ukashuka hadi asilimia 6 unapoteza kilo 21 kwa kila tani bila mtu kuiba hata punje. Katika tani moja ya mwanzo, kilo 920 ndizo ufuta mkavu na 80 ni maji. Maji yakishuka hadi asilimia 6, mzigo mzima unakuwa kilo 979 hivi. Kwa kilo zako 425 hiyo ingekuwa kilo 9. Pengo hilo likitokea, wa kwanza kuulizwa ni karani. Kwa hiyo anajilinda mapema, kwa mkono wake, bila karatasi. Kosa ni hapo kwenye kutokuwa na karatasi, kwa sababu msimu ambao ufuta umeingia mkavu na haukunyauka, zile kilo mbili kwa gunia zinabaki ghalani na hazina jina la mtu. Mwenye ufunguo anazijua.

Dawa yake inapatikana kwenye mkutano mkuu, na asiye mwanachama hapigi kura huko. Mkutano uamue mambo mawili: kwamba kilo zisomwe na kuandikwa kama zilivyo, uzito wa gunia ukitolewa kwa kupima gunia tupu, na kwamba unyaufu uwe kato la shilingi linaloonekana kwenye stakabadhi, lifungwe mwisho wa msimu kwa kulinganisha jumla ya kilo zilizopokelewa na chama na jumla zilizopokelewa na ghala kuu. Kikibaki kitu kinarudi kwa wakulima au kinaingia kwenye vitabu. Sisitizeni hilo la gunia tupu. Gunia la juti ni kilo moja, kiroba cha plastiki ni gramu mia na kidogo tu, na wapo wanaokata kilo nzima kwa vyote viwili.

Mizani yenyewe inapimika, na hilo huhitaji uanachama. Tazama stika ya Wakala wa Vipimo, maana mizani ya biashara hukaguliwa kila mwaka na stika inaonyesha. Kisha ombeni, mkiwa watu watatu wanne ili isionekane ni ugomvi wako, mfuko wa saruji ambao haujafunguliwa uwekwe juu. Ukisoma 50 au karibu sana, mizani haina shida, tafuteni kwenye kalamu. Ukisoma 48, mmempata mchawi. Na hapo hapo kapimeni ule mfuko kwenye mizani ya jirani pia, maana na yeye anauza duka.

Sasa makato. 165 si kitu kimoja. Ndani yake kwa kawaida mna ushuru wa chama cha msingi, wa chama kikuu kinachounganisha vyama vya msingi, usafiri hadi ghala kuu, gharama za ghala, na magunia na kamba kama mmepewa. Ushuru wa halmashauri kwa mazao ya biashara ni asilimia 3 tangu 2017. Ulizeni kama umo humo au umelipwa na mnunuzi pembeni, msije mkaulipa mara mbili. Baadhi ya makato hayo chama hakina uwezo nayo, yanatoka juu. Ushuru wa chama na usafiri mnao uwezo nao. Chukua mfano wa lori la tani 10 linalokodiwa kwa 450,000. Likijaa, ni shilingi 45 kwa kilo. Likiondoka na tani 6 kwa sababu wengine wameuza chomachoma usiku, ni shilingi 75 kwa kilo, na wanaolipa hizo 30 za ziada ni wale waliobaki. Zile kilo zako 100 za Februari nazo zilichangia, hatukulaumu, sababu yake tutaifikia.

Kuna jambo la ubora ambalo wakulima wengi wanaojiunga hawalitarajii. Kwenye kundi, bei yako inavutwa na gunia baya kuliko yote. Mnunuzi anachukua sampuli ya mzigo mzima, na mchanga wa mtu mmoja aliyepukutishia ufuta chini unashusha bei ya watu wote waliotumia turubai. Ukisimamisha miganda kwenye kichanja hadi vitumba vifunguke vyenyewe, ukaipindua na kuikung'uta juu ya turubai safi, ukapepeta na kuchekecha, umefanya kazi ambayo faida yake inagawanywa na mvivu. Ndiyo maana chama kinachofaa kina chekeche ghalani na karani mwenye ujasiri wa kumrudisha mtu nyumbani, hata akiwa mwenyekiti. Vivyo hivyo mbegu. Mkipanda wote aina moja nyeupe, mathalani Lindi 2002 ya watafiti wa Naliendele, mzigo unakuwa na rangi moja. Mkichanganya nyeupe na ya kahawia, mnunuzi anaona mchanganyiko na analipa bei ya mchanganyiko. Siku ya kupeleka mwenzio magunia, simama dakika kumi ghalani utazame wanavyopokea. Kama karani anaingiza mkono hadi katikati ya gunia, au anatumia bambo kutoa sampuli ya chini, hapo pana uongozi. Anayetazama mdomo wa gunia tu anapokea mchanga.

Kabla ya kutoa 60,000, omba kusoma karatasi tatu. Ya kwanza ni masharti ya chama, hasa kipengele cha kujitoa: hisa zako zinarudishwaje, baada ya muda gani, na je unaweza kumhamishia mtu mwingine. Ya pili ni makisio ya mapato na matumizi yaliyopitishwa na mkutano mkuu, ndimo ushuru wa chama ulimopangwa. Tafuta humo posho za vikao, uone zinakula sehemu gani. Ya tatu ni taarifa ya mwisho ya ukaguzi wa nje. Vyama vingi hukaguliwa na COASCO, shirika la serikali la ukaguzi wa vyama vya ushirika, na taarifa hiyo inatakiwa isomwe mbele ya wanachama. Ukiambiwa ukaguzi wa mwisho ni wa miaka mitatu nyuma, au katibu akaanza kutafuta funguo za kabati tangu saa mbili hadi saa sita, usijiunge mwaka huu. Endelea kupeleka ufuta kama ulivyofanya, lipa hiyo 8,240, na umuone Afisa Ushirika wa wilaya umuulize habari za chama hicho.

Ulizia pia ukomo wa madeni, yaani kiwango cha juu ambacho chama kinaruhusiwa kukopa. Mkutano mkuu unakipitisha, Mrajis wa Vyama vya Ushirika anakiidhinisha. Chama kikikopa pembejeo kwa jina la wote na nusu ya wakopaji wakauza chomachoma, deni linatafutwa kwenye ufuta wa waliobaki waaminifu. Hapo ndipo vyama vingi huvunjikia, kuliko hata kwenye wizi. Na bei yenyewe ikiyumba baada ya watu kuahidiwa, moto unawaka kweli kweli: huko jirani zenu Liwale, Aprili 2013, malipo ya pili ya korosho yalipokuja pungufu kuliko watu walivyotarajia, nyumba zilichomwa. Chama kinachotoa pembejeo kwa mkopo kiwe na daftari la kila mkopaji, kiasi, na sahihi yake, na deni lake likatwe kwenye stakabadhi yake mwenyewe. "Tutakata kwa jumla" ni neno la kukimbia.

Jina. Jiunge wewe, kwa jina lako, na mumeo akitaka ajiunge kwa lake. Uanachama ni wa mtu, si wa nyumba. Kura ni moja kwa kila mwanachama hata mwenzio akiwa na hisa hamsini. Vyama vingi vinataka uwe na miaka 18 na uwe unalima zao hilo katika eneo la chama, si hati ya shamba. Magunia yapokelewe kwa majina mliyokubaliana nyumbani, tuseme matatu wewe, matatu yeye, kila mmoja na stakabadhi yake. Kaeni mliongee kabla ya msimu, msiliongelee kwenye foleni ya mizani. Akikataa kabisa, anza na magunia mawili. Fungua akaunti sasa, siyo Juni, na hakikisha majina matatu yameandikwa sawasawa kwenye kitambulisho cha NIDA, benki na daftari la chama. "Saidi" kwa mmoja na "Said" kwa mwingine inatosha malipo kurudi benki, na yakirudi utangoja orodha ya marekebisho wakati wenzio wameshanunua mabati. Halafu usichanganye namba ya uanachama na namba ya usajili wa mkulima ya serikali, ile ya ruzuku. Ni vitu viwili, na hiyo ya pili unaipata hata bila kuwa mwanachama.

Siku 19 zinapungua kidogo ukijua zinaliwa wapi. Sehemu ni kungoja lori lijae, sehemu ni kungoja mnada, sehemu ni mnunuzi kulipa, sehemu ni chama kuandaa orodha ya malipo. Ukifika siku moja baada ya orodha ya mnada kufungwa, umejitafutia wiki nzima. Muulize karani orodha inafungwa siku gani na lori linaondoka lini, upeleke siku mbili kabla, si mwezi kabla. Ufuta unaokaa ghalani bure ndio unaonyauka kwa gharama yako.

Tumeuacha mwisho mzigo mkubwa kuliko kilo 19, nao ni zile kilo 100 za Februari. Ulipokea 150,000. Juni zingekuwa 301,500 baada ya makato. Umepoteza 151,500, karibu mara nne ya kilichopotea kwenye mizani, na chama cha msingi hakitakuokoa hapo. Mkopo wa chama, ukiwepo, hutolewa kama pembejeo, na palizi hailipwi kwa dawa ya wadudu. Hiyo ni kazi ya kikundi kidogo cha kuweka na kukopa, watu 15 hadi 30 mnaofahamiana, wenye sanduku la kufuli tatu. Tatizo la vikundi vingi huko kusini ni kalenda: wanavunja mzunguko na kugawana Desemba, Februari sanduku limebaki na hisa za wiki sita, na mwenye palizi anarudi kwa chomachoma. Anzeni mzunguko Julai, fedha za ufuta zikiwa mkononi, mgawane Julai inayofuata. Mkopo wa msimu uwe wa miezi mitano, siyo mitatu, la sivyo unaiva Mei kabla ya mnada na mkopaji analazimika kuuza mapema. Kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi, 150,000 ya miezi mitano inakugharimu 37,500, na riba hiyo inarudi kwenye sanduku lenu wenyewe. Bado umeokoa 114,000.

Kwa hiyo mpangilio wetu ni huu. Kikundi kwanza, kabla fedha za msimu huu hazijaisha. Mizani na saruji baada yake, ukiwa na wenzio. Karatasi tatu uziombe kabla ya mkutano mkuu. Zikitoka, lipa kiingilio na hisa kwa jina lako, udai risiti ya kila shilingi, na jina lako liingizwe kwenye daftari la wanachama mbele ya macho yako, namba ya ukurasa uiandike nyuma ya risiti. Zile kilo 13 za msimu huu ziandikie barua kwa bodi sasa, stakabadhi ukiwa bado unayo, na nakala umpelekee Afisa Ushirika. Omba waoneshe jumla ya kilo walizopokea siku ile na jumla iliyopokelewa na ghala kuu kwa lori lile. Usiombe kilo zako, omba hizo namba mbili.